Sauti ya Namba Kumi na Nne

Mtaani walimwita Mama Mito, kwa sababu alijaza mito ya sufi, na kwa sababu jina la mume wake halikuwa tena na faida ya kuitwa nalo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la kinyozi. Kilikuwa na dirisha moja na mlango uliogoma kufungwa kila mvua ikinyesha. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, cherehani ya mguu na rundo la sufi lililofunikwa wavu lisije likaruka. Sufi haina adabu. Ukipiga chafya iko darini, ukicheka iko kooni. Ndiyo maana alifanya kazi amejifunga kitambaa puani, haongei wala haimbi, vidole vikichambua mbegu na kuzitupa kwenye kopo. Wateja waliosimama mlangoni walidhani ana majivuno. Hakuwa nayo. Hata majivuno yanataka moto kidogo, na ndani yake moto ulikuwa umezimika.

Zamani alikuwa na mume na binti. Mume alikuwa fundi bomba, hodari wa kuziba mabomba ya watu na hodari zaidi wa kufungua mdomo wake. Binti alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoingia kwenye mifupa na kuifanya iume kama jino bovu. Daktari wa hospitali aliwaeleza wazazi wote wawili, wameketi benchi moja, kwamba mtoto huupata kutoka pande mbili, kwa baba na kwa mama. Mume alitoka pale amesikia upande mmoja. Akawaambia dada zake kwamba mkewe ana damu mbovu, na mawifi, ambao siku zote walikuwa wakitafuta kuni, wakawa wamepata msitu. Haukupita muda akafunga virago, akahamia kwa mwanamke mwingine ambaye damu yake, inaelekea, alikuwa ameipima kwa macho.

Binti akakua na mama yake hivyo hivyo, wiki hii shuleni, wiki ijayo kitandani. Mwili wake ulikuwa mdogo, mdomo mkubwa. Kwa vile alimwona mama yake akiamrisha sufi kwa kidole itulie na haitulii, alimwita Bosi. Maumivu yakizidi, Bosi alimwekea mito laini kati ya magoti na chini ya kiuno, kisha alijilaza kando yake asubiri kupambazuke. Maisha yao yalikuwa hayo. Hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yao.

Binti alipokuwa msichana mkubwa, kliniki ya selimundu ilipata wageni kutoka chuo kikuu. Alikuja dada mmoja mwenye mkoba mwekundu, aliyekuwa akisomea shahada ya juu kabisa, pamoja na wasaidizi watatu. Walitaka kujua watu wanaishije na maumivu yasiyokwisha. Kila aliyekubali alisomewa karatasi ya ridhaa, iliyosema kwamba jina lake halitatajwa, kwamba atapewa namba, na kwamba sauti yake itatunzwa mahali salama. Binti alitia sahihi kwa madaha kama waziri. Mama akaombwa atoke nje ili mtoto awe huru kusema.

Akakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlangoni sauti ilipita, maneno hayakupita. Alimsikia mwanawe akiongea, akinyamaza, akiongea tena, kirefu kuliko alivyowahi kumsikia akiongea na mtu yeyote. Alipotoka, mama alimuuliza amesema nini huko ndani.

"Nimekusema, Bosi," akajibu binti. "Vizuri na vibaya."

Akakataa kuongeza neno. Walikwenda nyumbani wakitaniana juu ya hayo mabaya, kama ni yapi.

Mwaka uliofuata binti alifariki. Alifariki mchana, wodini, wakati mama ameteremka kununua maji ya kunywa. Mume alikuja msibani akalia kuliko wote, mpaka watu wakamshika mabega wakimpa pole, na Mama Mito akakaa pembeni kama jirani. Alipoondoka aliondoka na simu ya binti, kwa kuwa, alisema, aliinunua yeye. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na ujumbe wa sauti chungu nzima, binti akimwomba mama yake ndizi, akimsema kinyozi, akiiga wateja. Mama Mito alipoifuata, alimkuta mke mpya mlangoni. Mke mpya alimweleza bila ubaya wowote kwamba simu ilikuwa imejaa, haifunguki, basi ameisafisha yote na sasa inakwenda vizuri.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alipokaa kuchambua sufi aligundua hahisi mbegu kwenye vidole. Haikuwa huzuni, maana huzuni alishakutana nayo na huzuni ina maji. Hii ilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa mguu ukinyooshwa damu hurudi. Alikula kwa sababu ni saa ya kula. Wateja wakimsalimu, aliitika. Kinyozi alimsimulia mkewe kwamba jirani yao amekuwa kama saa ya ukutani, inakwenda lakini haina habari.

Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka, na hicho kilimjia siku moja katikati ya kazi: kumsikia mwanawe. Picha alikuwa nazo mbili, lakini picha ni bubu. Akakumbuka kwamba iko sauti nyingine mbali na ile ya simu, ndefu, iliyosemwa nyuma ya mlango, na wenyewe walisoma kwenye karatasi kwamba wataitunza mahali salama.

Akavaa gauni la kutokea, akaenda chuo kikuu. Mlinzi wa getini alimuuliza anamtafuta nani.

"Namtafuta mtu aliyemrekodi mwanangu."

"Kumbe mwanao msanii, mama?"

"Alikuwa mgonjwa."

Mlinzi aliona haya, akamfungulia bila kumwandikisha. Huko ndani alitumwa jengo hili, kutoka hapo akatumwa jengo lile, akaambiwa apande ghorofa, akaambiwa ateremke. Walioandikwa milangoni hawakuwapo, na waliokuwapo hawakujua. Mwishowe karani mmoja alimtambua mtu wa mkoba mwekundu. Siku hizi aliitwa Daktari, ana ofisi yake, ana zulia, ana wanafunzi wanaosubiri nje wameshika makaratasi. Alimpokea Mama Mito kwa heshima, akampa kiti, na alipoambiwa binti amefariki alishika kifua. Lakini kuhusu sauti alisema jambo lina taratibu. Walioahidiwa siri wameahidiwa siri. Ataomba ruhusa kwenye kamati. Arudi wiki ijayo.

Mama Mito alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakuchoka, maana kuchoka nako ni kuhisi. Ruhusa ilipopatikana, Daktari alimchukua hadi maktaba, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, kwa mtu waliyemwita Bwana Nakala.

Huyu alikuwa mkutubi mwembamba aliyevaa sweta hata jua likichoma. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watafiti kupanga mapema namna ya kuzitunza data zao, yaani kila wanachokusanya, sauti, picha, majibu, vipimo. Jina alilipata kwa sababu akikutana na mtafiti popote, hata kwenye foleni ya chai, baada ya salamu humuuliza, "Na nakala ya pili iko wapi?" Watu walimkwepa kama muuza bima. Kila muhula alibandika tangazo la semina, akapanga viti, akasubiri. Safari moja alikuja mtu mmoja tu, naye alikuwa akitafuta choo.

Wakakaa watatu mbele ya kompyuta ya Daktari. Kulikuwa na folda iliyoitwa "sauti mwisho". Ndani yake kulikuwa na nyingine, "sauti mwisho kabisa", na ndani ya hiyo nyingine tena, "sauti mwisho kabisa hii hapa". Bwana Nakala alikohoa. Humo ndimo zilimokuwa sauti, zimepangwa kwa namba. Daktari alitazama karatasi yake ya siri, yenye majina na namba zake, akasema binti alikuwa namba kumi na nne. Kwa kuwa sheria haikumruhusu Mama Mito kusikia sauti ya mgonjwa mwingine kwa bahati mbaya, Daktari alivaa vidude vya masikioni asikilize kwanza, ahakikishe.

Mama Mito alimtazama usoni. Alimwona akitega sikio, alimwona akikunja uso, akirudisha nyuma, akisikiliza tena. Rangi ya midomo ikamtoka. Akavivua vile vidude akaviweka mezani taratibu, kama vitu vya kuazima.

"Ni mwanamume," akasema.

Ilichukua mchana mzima kuelewa kilichotokea, na kilipoeleweka kilikuwa kitu kidogo cha kijinga. Wasaidizi walikuwa watatu na kliniki zilikuwa tatu, na baada ya siku za kwanza kila msaidizi alibaki na yake. Hakuna aliyewaambia wagawane namba, kwa hiyo kila mmoja alianzia moja. Namba kumi na nne wakawa watatu, kila mmoja na kliniki yake. Kazi ilipokwisha, Daktari alizimimina sauti zote kwenye folda moja. Kompyuta ikamwambia kwamba humu tayari yumo mwenye jina kama hili, je, huyu mpya akae mahali pake? Daktari alikuwa amechoka na ana safari. Akabonyeza ndiyo kwa wote. Wa pili akamfuta wa kwanza, wa tatu akamfuta wa pili, kimyakimya, mpaka mwisho wa orodha. Kadi za vinasa sauti zikasafishwa kwa ajili ya kazi nyingine. Kitabu chake cha shahada Daktari alikiandika kwa kutumia maelezo waliyoyaandika wasaidizi, ambayo yalikuwa na jina la kliniki juu, basi hakuna kilichogongana na hakuwahi kuzifungua sauti tena hadi siku hiyo.

Bwana Nakala aliuliza swali lake, safari hii kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza saa ya mazishi. Daktari akatikisa kichwa. Nakala ya pili haikuwapo.

Wakajaribu vilivyobaki. Msaidizi aliyezungumza na binti siku hizi alikuwa mwalimu mbali huko. Walimpigia simu, akasema kompyuta yake ya wakati ule ilikufa na vipuri vyake amekwisha kuviuza. Wakakitafuta kinasa sauti chenyewe, wakakikuta kwenye droo ya idara chini ya nyaya. Bwana Nakala akakiwasha. Ikatoka sauti ya mhadhiri akieleza aina za udongo, udongo huu hushika maji, udongo huu hauyashiki. Waliusikiliza mhadhara huo kitambo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuzima.

Ndipo Bwana Nakala, kwa kutaka asimwache mama wa watu aondoke mikono mitupu, alipokwenda kwenye rafu akashusha kile kitabu cha Daktari. Binti alikuwamo, mistari miwili, kwa Kiingereza. Akamtafsiria polepole, kidole kikifuata maneno: Mama yangu huniwekea mito kati ya magoti. Kisha yeye hujifanya amelala, na mimi hujifanya siumwi.

Mama Mito aliitazama ile mistari. Alikuwa hajui kwamba mtoto alijua.

"Maneno ni yake," akasema baadaye. "Mdomo si wake. Mwanangu hakuwa mtu wa kusema mama yangu. Angesema Bosi."

Daktari akainuka, akamshika mkono, akamwomba msamaha huku akilia. Mama Mito aliuangalia ule mkono juu ya mkono wake. Alitaka amchukie yule mwanamke, lakini alipoitafuta chuki hakuipata. Ilikuwa kama kutafuta kijiko kwenye kabati la jikoni gizani.

"Nimesikia," akasema, akaenda zake.

Siku chache baadaye Bwana Nakala alijitokeza mlangoni pake na sweta lake. Alisema anataka mto, na kweli alichagua mto, lakini baada ya kuuchagua hakuondoka. Alisimama kwenye vumbi la sufi akipiga chafya, akaeleza shida yake. Miaka yote hii anawaambia watafiti jambo moja, kwamba kabla hujaanza kukusanya, kaa chini uandike utakusanya nini, utaviitaje, utaviweka wapi, nakala ngapi, nani atavitunza ukihama au ukifa, nani ataruhusiwa kuviona na hadi lini. Kurasa mbili tu. Wao humjibu kwamba hayo ni makaratasi ya wafadhili, wayajaze wenye nafasi. Wengine huiga ya wenzao wakabadilisha jina.

"Mimi nawaeleza habari za faili, mama," akasema. "Wewe una mtoto."

"Nilikuwa naye."

Akaomba radhi. Akamwomba aje kwenye semina, aseme tu yaliyompata. Mama Mito alimwambia yeye hakusoma, shule aliiona kwa nje, hawezi kusimama mbele ya wenye miwani akatoa hotuba. Bwana Nakala akasema hotuba anazo yeye, na zimelala. Mwishowe alikubali, lakini isidhaniwe alikubali kwa wema. Wema ulimwishia kwa mawifi. Alikubali kwa sababu alitaka wamtazame. Katika kuzungushwa kwake kote, jengo kwa jengo, kila mtu alikuwa ameitazama saa yake.

Muhula huo mkuu wa kitivo alikuwa ametangaza kwamba asiyehudhuria semina ya data asilete ombi la fedha za utafiti kusainiwa. Basi chumba kilijaa, wamenuna kama watoto waliolazimishwa kuoga. Bwana Nakala alianza na picha zake za ukutani, visanduku na mishale, na baada ya muda simu zikatoka mifukoni. Alipogusia habari ya nakala, alisimama mtafiti mmoja wa mchwa, mtu wa kitambi na utani, amening'iniza flashi ya kompyuta shingoni kwa kamba kama medali. Akaishika akawaonyesha wenzake.

"Hii hapa ndiyo mpango wangu wote. Miaka sita, haijawahi kuniangusha."

Wakacheka. Mama Mito alikuwa ameketi kiti cha mbele, mikono mapajani. Akasema bila kugeuka, kama mtu anayejisemea:

"Mume wangu naye hakuniangusha miaka sita. Wa saba akahama na redio."

Chumba kililipuka kwa kicheko, na mtu wa mchwa akacheka kuliko wote, akakaa. Mama Mito hakucheka. Alisubiri wamalize, kisha akainuka akasimulia. Hakutumia maneno mengi. Alisema alikuwa na mtoto, kwamba walimtoa nje wakafunga mlango, kwamba sauti aliisikia na maneno hakuyasikia. Alisema waliahidi kuitunza. Akasema alivyokwenda kuichukua. Alipofika kwenye ule udongo unaoshika maji na usioshika, simu zote zilikuwa zimerudi mifukoni.

Mwanamume mmoja katikati alitaka kujua ni nani huyo mtafiti mzembe, ni wa humu chuoni au ni wa wapi. Bwana Nakala alifungua mdomo aseme kwamba majina si muhimu. Mama Mito akamtangulia.

"Muulizeni mwenyewe. Amekaa nyuma, ana mkoba mwekundu."

Shingo zote ziligeuka. Hakuna aliyemlazimisha Daktari kuja siku hiyo, alikuwa amekuja mwenyewe. Alisimama na mkoba wake. Akaeleza yeye kwa mdomo wake habari ya namba tatu zinazofanana, ya swali la kompyuta, na ya ndiyo kwa wote. Akasema ilichukua muda wa kumeza mate. Akasema ana kazi nyingine tatu kwenye kompyuta ile ile, na tangu siku ile ya namba kumi na nne amekuwa akiogopa kuzifungua. Kisha akakaa. Mama Mito alikuwa ametegemea kuona raha kumwona amesimama vile. Haikuja.

Kilichofuata hakikuwa na maajabu. Bwana Nakala aligawa kurasa zake mbili, na safari hii walizijaza, wakiulizana kama watu wa mtihani. Mtu wa mchwa alikwenda mezani kwa Bwana Nakala, akaivua medali yake, akauliza kwa sauti ya chini wapi pa kuweka nakala. Karibu na Mama Mito aliketi msichana mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kurekodi wagonjwa wa figo. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika kwamba baada ya miaka mitano sauti zote zitaharibiwa. Alisoma hapo kwa sauti, kisha akamtazama Mama Mito, kalamu ikasita.

"Mnaziharibu kwa nini?" akauliza Mama Mito.

"Kulinda siri zao, mama. Ndiyo kanuni."

"Wenyewe mmewauliza?"

Msichana akafikiri, akasema kwa kweli hawakuuliza. Hakuona aibu wala hakukasirika. Aliongeza tu mstari kwenye karatasi ya ridhaa: endapo mgonjwa atafariki, je, angependa sauti yake apewe mtu, na ni nani. Bwana Nakala akasema hilo litahitaji baraka za kamati, wakalipeleka, kamati ikalizungusha kama kawaida yake, mwishowe ikalikubali.

Tangu hapo kila muhula Bwana Nakala humfuata, naye huenda. Chuoni wanamjua. Walinzi humwita Mama Data na kumfungulia geti kwa saluti ya mzaha. Yeye huketi kiti kile kile cha mbele na kusimulia kwa maneno yale yale, kama mtu anayechambua mbegu. Watu wengine hulia. Yeye huwatazama wakilia akishangaa wanayatoa wapi hayo machozi. Mtu wa mchwa aliibiwa gari na kompyuta ndani yake, akaja hadi nyuma ya duka la kinyozi kumweleza kwamba hakupoteza hata mchwa mmoja, kila kitu kilikuwa na nakala sehemu mbili. Mama Mito alimpa pole ya gari, akamuuzia mito miwili. Daktari naye humsalimu wakikutana, na yeye huitikia. Hajamsamehe. Hajamkatalia pia. Neno hilo analo, halijatoka.

Muhula huu alifika mapema. Ukumbini, nje ya chumba cha semina, alimkuta mzee mmoja amesimama karibu na dirisha, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili, na yule msichana wa wagonjwa wa figo amesimama hatua chache kando yake ameinamisha kichwa, karatasi ya ridhaa mkononi. Mzee alikuwa akicheka na uso umelowa. Alipomwona Mama Mito anapita, akamshika mkono bila kumjua ni nani, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu anavyomshika yeyote aliye karibu.

"Mke wangu," akasema. "Sikia, anagombana na muuguzi. Sikia alivyo mbishi. Ni yeye kabisa, ni yeye mwenyewe."

Akamsogezea simu. Mama Mito akamwambia hapana, asante, msikilize wewe. Akauchomoa mkono wake taratibu, akageuka.

Hakufika mbali. Wivu ulimpanda, mkali kama siki. Alimwonea wivu yule mzee, wivu mbaya wa kutaka simu ile iangukie majini. Kwa nini yeye, kwa nini mke wake, kwa nini mgonjwa wa figo aliyegombana na muuguzi. Vidole vilimchoma. Akakaa kwenye ngazi ya ukumbini, gauni la kutokea likigusa vumbi, akaushika ukuta. Alikuwa amesahau kwamba kitu kinaweza kuuma namna hii. Alisubiri kipite, hakikupita.

Bwana Nakala alichungulia mlangoni, akamwona, akasita. Akasema wamejaa ndani, wanamngoja yeye tu.

"Wangoje," akasema Mama Mito.

Wakangoja.